Weusi wa Shingoni na Kisukari cha Ukoo (Sehemu ya Pili)

Jumamosi jioni, akimwandaa binti yake kwa ibada ya kesho, mama wa Msangeni humsugua mtoto shingoni kwa dodoki na sabuni ya magadi mpaka mtoto analia, na weusi ule hautoki. Shuleni wenzake wanamwita mchafu. Sehemu hii ya pili naiandika kwanza kwa ajili ya mama huyo, na kwa wazazi wengine wa Ugweno, Usangi na Same wanaohangaika kama yeye, kwa kuwa weusi wa namna hiyo mara nyingi si uchafu hata kidogo. Ni ngozi iliyochochewa na insulini iliyozidi mwilini, na katika familia yenye historia ya kisukari ni alama isiyofaa kupuuzwa.

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba kisukari cha aina ya pili hakianzi siku sukari inapopanda. Miaka mingi kabla ya hapo misuli na ini huwa vimeanza kutoiitikia insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi, na kwa muda fulani hufaulu. Mtu akipimwa sukari anaambiwa yuko salama. Lakini insulini ile ya ziada huendelea kuzunguka kwenye damu. Ikizidi sana huamsha pia vipokezi vya homoni nyingine ya ukuaji inayofanana nayo, na vipokezi hivyo vimo kwenye seli za ngozi. Seli hizo huzaliana kupita kawaida, ngozi inakuwa nene na nyeusi. Kitabibu hali hiyo huitwa akanthosisi nigrikansi. Ilikuwa ikijulikana tangu karne ya 19, ila mwaka 1976 C. Ronald Kahn, Jeffrey Flier na wenzao huko Marekani ndio walioeleza kwa kina wagonjwa waliokuwa na ngozi ya aina hiyo pamoja na miili inayokataa kuiitikia insulini.

Kwa ngozi zetu, macho peke yake yanaweza kudanganya. Tumia vidole. Mpapase mtoto kwenye ukosi na pembeni mwa shingo: ngozi yenye hali hii ni nene na laini kama mahameli, ina mistari iliyokunjamana, na haina mpaka mkali na ngozi ya jirani. Angalia pia makwapani, kwenye kinena, kwenye viwiko na juu ya vifundo vya vidole. Haiwashi sana wala haiambukizi. Mara nyingi hufuatana na vijinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni au kwapani. Hivyo si chunjua, ingawa watu wengi huvichanganya. Kimoja au viwili kwa mtu mzima havina neno. Vikiwa vingi, hasa kwa mtu mwenye kitambi, apime sukari.

Huko Texas, kwenye mpaka na Mexico, jambo hili limeingizwa hata katika sheria. Familia za wanaozungumza Kihispania zina kisukari kingi, na tangu sheria ya mwaka 1999 shule za maeneo kadhaa ya jimbo hilo hukagua shingo za wanafunzi wa darasa la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Mtoto akikutwa na alama, mzazi huandikiwa barua ampeleke kwa daktari. Tusidhani kwamba hayo ni ya Walatino tu. Uchunguzi uliofanywa Galveston, Texas, na kuchapishwa mwaka 1989 ulipitia watoto zaidi ya 1,400 wa shule. Alama hiyo ilionekana kwa takriban watoto 5 au 6 katika kila 100 wenye asili ya nchi za Kihispania, na kwa watoto 13 katika kila 100 wa Wamarekani weusi. Miongoni mwa wazungu haikufikia hata mmoja. Wale 13 asili yao ni bara letu hili.

Na nyumbani je? Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha kijiji cha Shari, Machame, na eneo la Ilala jijini Dar es Salaam. Shari kisukari kilikuwa kwa asilimia 1 hadi 2 ya watu wazima. Ilala kilikaribia asilimia 6. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana sukari ya kiwango cha kisukari. Urithi wa damu haubadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maisha. Ndugu zetu walioshuka kwenda Dar na Arusha wamebeba urithi uleule wa waliobaki mlimani, ila hawapandi tena miteremko na mzigo kichwani. Na hata huku juu, siku hizi bodaboda inafika karibu kila kitongoji, na soda na maandazi vinapatikana mahali ambapo zamani mtoto angekula kiporo cha makande.

Mtu ambaye mzazi wake mmoja ana kisukari cha aina ya pili hukadiriwa kuwa na uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukipata maishani. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, hufikia karibu 70. Kwa hiyo Desemba, familia zinapopanda mlimani kutoka mijini, naomba swali hili liulizwe waziwazi: nani ana sukari, aliipata akiwa na umri gani, na nani alipata sukari wakati wa ujauzito? Watu wengi hujua majina ya mababu zao lakini hawajui shangazi alikatwa mguu kwa sababu gani.

Mwenye alama shingoni na ndugu mwenye kisukari aende zahanati au kituo cha afya asubuhi kabla ya kula. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Ikiwa chini ya hapo, bado kuna nafasi kubwa ya kukizuia. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahimiza watu waliokuwa karibu kuugua wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58. Uzito ukishuka, ngozi nayo hurudi taratibu.

Kusugua hakusaidii, ngozi inayokwaruzwa huzidi kuwa nene. Mkorogo ni hatari zaidi: zebaki inayowekwa katika baadhi ya krimu huharibu figo, na krimu kali za steroidi zikipakwa muda mrefu zinaweza zenyewe kupandisha sukari.

Msichana mwenye alama hii ambaye pia hedhi yake haina mpangilio amwone daktari, kwani ovari zake huenda zinahusika. Na shingo isiyo na alama haimhakikishii mtu usalama, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kisukari hawajawahi kuwa nayo. Lakini mzee akitokewa na weusi huo ghafla, ukasambaa upesi huku anakonda na kukosa hamu ya kula, asisubiri kliniki ya kisukari. Apelekwe hospitali kubwa mara moja, kama KCMC Moshi, achunguzwe tumbo, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo weusi huweza kuwa dalili ya saratani.