Sadaka Itolewayo kwa Jina la Mwingine: Juu ya Kutunga Fomu Yake Usharikani

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja tuliokuwa tukiuhudumia, kijana mmoja alileta fedha za karo ya yatima, akitaka zitolewe kwa jina la baba yake, mzee wa kanisa aliyekuwa amefariki. Mtunza hazina alizipokea, akaandika stakabadhi kwa jina la marehemu, na Jumapili iliyofuata jina na kiasi vikasomwa katika matangazo. Mjane hakuwa ameambiwa lolote. Kabla ya juma kwisha ndugu za marehemu walifika ofisini kudai fedha hizo, kwa hoja kwamba fedha yenye jina la ndugu yao ni rambirambi, na rambirambi ni haki ya wafiwa. Hatukuwa na karatasi ya kuwaonyesha ila ile stakabadhi, nayo iliwaunga mkono wao.

Tangu hapo tumeona kwamba sadaka ya namna hii yahitaji fomu yake, na kwamba kuitunga si kazi ya karani peke yake. Maneno ya fomu hufundisha, hata pale ambapo aliyeyaandika hakukusudia kufundisha.

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kuliangalia jambo hili. Miongoni mwa karatasi za kwanza kuchapwa kwa herufi za madini huko Mainz, Ujerumani, mwaka 1454 na 1455, zilikuwamo hati za rehema, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita vyeti vya msamaha. Maneno yote yalikuwa yamekwisha kuchapwa. Nafasi wazi ziliachwa kwa jina la mpokeaji na tarehe. Hizo zilikuwa fomu, tena za kuchangisha fedha, kwa ajili ya ulinzi wa Kipro. Mwaka 1476 Papa Sixtus IV alitangaza kwamba rehema zaweza kuwafaa pia marehemu walioko toharani, na tangu hapo mtu aliweza kutoa fedha akimkusudia mzazi wake aliyekwisha kufa. Ndiyo biashara ambayo Martin Luther aliihoji katika hoja zake 95 za mwaka 1517. Hata hivyo Maungamo yetu hayakatazi kuwakumbuka waliolala. Melanchthon, katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, kifungu cha 24, akubali kwamba kuwaombea wafu hakukatazwi; analolikataa ni kuifanya Meza ya Bwana kuwa tendo la kuwapatia wafu stahili.

Basi shida ya kwanza ni neno dogo litakalotangulia jina. Tukiandika “kwa ajili ya marehemu”, msomaji aweza kuelewa kwamba sadaka inamnufaisha yeye aliko. Tukiandika “kwa niaba ya”, tunasema kwamba amemtuma mtoaji, naye aliyekufa hamtumi mtu. “Kwa jina la” ndilo watu wanalolitumia midomoni, lakini katika stakabadhi laonyesha mwenye mali, kama tulivyojifunza kwa aibu. Sisi tumechagua “kwa kumkumbuka” kwa aliyefariki na “kwa kumheshimu” kwa aliye hai. Si maneno makamilifu, ila hayaahidi lisilo letu kuahidi. Mfano wa Dorkasi katika Matendo 9 watusaidia: wajane walimkumbuka kwa kuonyesha nguo alizowashonea.

Mtoaji na anayekumbukwa wawekewe sehemu mbili zilizo mbali katika karatasi, na stakabadhi iandikwe daima kwa jina la mtoaji. Chini ya hapo liwepo tamko fupi kwamba fedha hizi ni sadaka kwa kusudi lililotajwa, wala si rambirambi. Na mtoaji atie sahihi palepale, si mwisho wa ukurasa ambako watu hutia sahihi bila kusoma.

Kisha, ni nani atakayepewa habari? Fomu iulize jina na anwani ya mtu mmoja wa familia, na barua imfikie kabla ya tangazo lolote. Barua itaje mtoaji na kusudi, isitaje kiasi. Mathayo 6 yatosha kuwa sababu. Jina liandikwe kama familia inavyoliandika. Yule mjane, tulipomwendea kuomba radhi, hakuuliza habari za fedha. Aliuliza kwa nini jina la mumewe lilisomwa kwa namna ambayo hata siku moja hakuitwa. Na kwa kuwa hapa tunakusanya habari za mtu asiyekuwapo, washarika wa Tanzania wakumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: tusiulize tusichokihitaji.

Njia ya malipo nayo isisahauliwe. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, sadaka nyingi hufika kwa simu, na jina linaloonekana ni la mwenye laini, ambaye huenda ni jirani tu aliyeombwa kutuma. Namba ya muamala iandikwe katika fomu, la sivyo sadaka tatu za msiba mmoja zitachanganyika.

Paulo, alipokuwa akipeleka mchango wa Yerusalemu, alijitahidi asilaumiwe na mtu katika ule ukarimu (2 Wakorintho 8). Kwa hiyo fomu iwe na nakala tatu: ya mtoaji, ya mtunza hazina na ya faili la usharika, na wawili wahesabu na kutia sahihi.

Limebaki swali ambalo wengi huona haya kuuliza mbele ya mfiwa: kusudi likitimia au likishindikana, fedha iliyobaki iende wapi? Yatima aweza kumaliza shule, au kuhama. Yafaa mtoaji achague mwenyewe siku ileile, kati ya kusudi linalofanana nalo na uamuzi wa baraza la wazee. Na akiacha nafasi hiyo wazi, mtunza hazina amrudishie kalamu.