Crown na Mark X: bei ni ya Dar, barabara ni ya mlimani

MKULIMA wa iliki wa Zirai anayetaka gari la heshima baada ya mavuno anaweza leo kupata Toyota Crown Athlete au Mark X iliyotumika kwa fedha pungufu sana ya bei ya gari dogo jipya. Swali ni atakapotaka kuliuza.

Urahisi huo chanzo chake ni Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi kuuza mapema. Mark X, iliyochukua nafasi ya Mark II mwaka 2004, hufika bandarini Dar es Salaam ikiwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Ikishasajiliwa nchini, bei haishuki tena kwa kasi ile. Injini nyingi za magari haya ni za silinda sita, hasa za lita 2.5 au 3.0, na ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, mara mbili ya ule wa cc 1,001 hadi 2,000. Gari lililopita umri uliowekwa huongezewa ushuru wa uchakavu. Mwenye gari anajua atakayeagiza jingine atalipa yote hayo, naye hukaza bei.

Lakini hiyo ni bei ya Dar es Salaam. Wanunuzi wa milimani hutafuta Noah au Probox, gari linalobeba abiria na magunia. Mwenye Crown atalazimika kuishusha Tanga au Dar, na mafuta na dalali hula faida.

Barabara nayo ina hesabu yake. Lami ya Mombo hadi Lushoto, kilometa 33, hupanda karibu mita 1,000. Silinda sita hazioni tabu kupanda. Kuteremka ndiko kunakochoma breki. Zirai, iliyo Usambara Mashariki, ni habari nyingine kabisa: njia ya udongo, masika, na gari la chini linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Athlete yenye ringi za inchi 18 na tairi nyembamba haifai huko, hata ipunguzwe bei vipi.

Anayeishi kando ya lami na bado anaitaka, alijaribu kutoka Mombo hadi Soni akiwa na fundi wake, si wa muuzaji. Aangalie mshale wa joto, asikilize giaboksi ikibadili gia kwenye kona, na wakifika injini ikishapoa wafungue radieta waone kama maji yana mafuta. Muuzaji anayetaka gari lijaribiwe tambarare tu ana sababu zake.

Kadi isomwe pamoja na namba ya chesisi na ya injini kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kati ya lita 2.5 na 3.0, ile ndogo ndiyo rahisi zaidi kuuza, kwa kuwa mnunuzi wa pili huuliza mafuta kwanza.