Injini ya Msaada kwenye Mashua Ndogo: Ubao Kwanza, Nguvu za Farasi Baadaye



Mkoa wetu wa Morogoro hauna pwani, lakini si mkoa usio na maji. Katika milima ya Uluguru huanzia mito ya Ruvu, Mgeta na Ngerengere, na maji ya Ruvu hufika hadi baharini karibu na Bagamoyo, ambako mashua bado huenda kwa tanga. Upande wa kusini, mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kuwatenga watu na mashamba yao. Kwa hiyo si ajabu chama cha wavuvi, au hata cha wakulima, kuwa na mashua yake, na wanachama kuomba katika mkutano mkuu inunuliwe injini ya kupachika.

Ombi kama hilo likitolewa, mara nyingi mjadala huwa juu ya jambo moja tu: nguvu za farasi ngapi? Ni nadra mtu kuuliza injini hiyo itashikwa na nini. Injini nzuri iliyofungwa kwenye ubao mbovu huishia chini ya maji, na pengine huzama pamoja na watu, huku deni likibaki katika vitabu vya chama. Makala haya yanaeleza mambo ambayo Kamati yapasa kuyapima kabla fedha hazijatoka.

Maana ya injini ya msaada

Injini ya msaada ni ile inayosaidia tanga au makasia, haiji kuyaondoa. Hutumika upepo unapokufa, mkondo unapokuwa mkali, au giza linapokaribia. Mashua inayoacha makasia nyumbani kwa sababu ina injini imepunguza usalama wake.

Tangu Ole Evinrude aanze kuuza injini za namna hii huko Marekani mwaka 1909, umbo lake la msingi halijabadilika sana: kichwa kizito juu, mguu mrefu katikati, na rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, chini majini. Uzito uko juu na msukumo uko chini. Ubao wa nyuma ya mashua uko katikati, nao hubeba vyote viwili. Rafadha inaposukuma mbele, mguu huutikisa ubao huo kama mtu atikisavyo mti anaotaka kuung'oa, tena kwa saa nyingi kila siku.

1. Nguvu zinazohitajika

Mashua nzito ya mbao haipandi juu ya maji kama boti nyepesi ya mbio. Hukata maji, na kila mashua ya namna hiyo ina kikomo chake cha mwendo. Kukikadiria, chukua urefu wa mashua unaogusa maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilometa kwa saa. Mashua ya mita 4 kikomo chake ni kilometa 9 kwa saa. Ya mita 9 ni kilometa 13 na nusu. Ukiongeza nguvu kupita hapo, mashua huinua omo na kuzamisha tezi, na petroli hupotea bure.

Kwa injini ya msaada, nguvu za farasi 3 hadi 4 kwa kila tani ya mashua pamoja na shehena yake kwa kawaida hutosha. Mashua ya tani 2 ikishapakiwa yahitaji nguvu 6 hadi 8. Mahali penye mkondo mkali, ongezeko dogo linafaa. Kumbukeni pia kwamba injini hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Katika Bwawa la Mtera, lililo karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, upungufu huo ni sehemu kama 7 katika mia.

2. Urefu wa mguu

Injini huuzwa kwa urefu wa mguu wa namna tatu: mfupi wa sentimita 38 hivi, mrefu wa 51, na mrefu zaidi wa 64. Pimeni kutoka ukingo wa juu wa ubao, pale injini itakapokaa, kwenda chini wima hadi usawa wa chini ya mashua. Bamba bapa lililo juu ya rafadha linatakiwa liwe chini kidogo ya usawa huo. Mguu ukiwa mfupi, rafadha itavuta hewa badala ya maji: injini italia kwa kishindo na mashua haitakwenda. Ukiwa mrefu kupita kiasi, utagota mchanga na visiki, hasa katika mito. Pimeni mara mbili, mashua ikiwa tupu na ikiwa imepakiwa.

3. Ubao

Ubao wa kubebea injini uwe wa mti mgumu, uliokauka vizuri, wenye unene wa sentimita 4 hadi 5. Mtiki unaopandwa Mtibwa na katika bonde la Kilombero unafaa sana. Asitumwe mtu kukata mti katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru kwa kisingizio cha kazi ya chama.

Haitoshi kupigilia ubao mpya juu ya ubao wa zamani uliooza. Ubao ushikwe na mataruma ya pande zote mbili kwa bolti zinazopenya, wala si misumari. Kwa ndani na kwa nje ziwekwe washa pana au bamba la chuma, ili nati zisizame katika mti. Matundu ya bolti yakalafatiwe, kwa kuwa maji huanza kuozesha mti kutokea hapo. Skrubu za kubania za injini hulegea kwa mtikisiko. Zikazwe kabla ya kila safari. Aidha, injini ifungwe kwa mnyororo au kamba imara kwenye taruma, ili ikiponyoka isizame.

Mtumbwi wenye ncha pande zote mbili hauna ubao wa nyuma. Huo hufungiwa boriti ya kukingama juu ya kingo zake, na injini hukaa ubavuni, karibu na tezi. Injini ya mtumbwi iwe ndogo, kwa kuwa uzito na msukumo wa upande mmoja huweza kuupindua.

4. Mahali pa kuifunga

Katika mashua ya tanga usukani huwa katikati ya tezi, hivyo injini hukaa kando yake. Kabla ya kuiwasha, geuzeni usukani na injini hadi mwisho, kila upande, mhakikishe kuwa rafadha haigusi usukani. Tangi la petroli na mizigo viwekwe upande wa pili ili mashua isilale. Mguu usimame wima majini mashua ikiwa na shehena. Mnapokwenda kwa tanga, injini izimwe na mguu uinuliwe, usije ukaburuta maji.

5. Kabla ya kuondoka

Injini nyingi za mipigo miwili za siku hizi huchanganywa oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Lakini fuateni kitabu cha injini yenu. Ile ya mipigo minne haichanganywi. Injini ikiwaka, tazameni maji ya kupoza yanatoka. Yasipotoka, izimwe mara moja. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia, ili akianguka majini injini ijizime. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea. Injini zenye pini ya rafadha inayokatika inapogota kisiki, pini za akiba zisikosekane, pamoja na plagi na spana yake.

Bwawa la Mindu ni chanzo kikuu cha maji ya mji wa Morogoro. Petroli na oili havina nafasi humo. Chama chochote kisithubutu kupeleka injini pale bila idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

6. Vitabu vya chama

Ununuzi uamuliwe na mkutano na kuandikwa katika muhtasari. Ikiwa ni kwa mkopo, usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Gharama ya ubao, bolti na fundi iingizwe katika makadirio tangu mwanzo, isiachwe iwe "nyongeza ndogo" ya baadaye. Mashua ipate cheti cha usalama kutoka TASAC, na ikiwa ni ya kuvulia, leseni ya uvuvi pia.

Kila siku nahodha aandike saa za kazi na lita zilizotumika. Lita 36 kwa saa 12 ni lita 3 kwa saa. Mwezi ujao zikiwa lita 60 kwa saa zile zile 12, Katibu aulize: je, mashua inapakiwa kupita kiasi, rafadha imepinda, plagi imechafuka, au petroli inakwenda mahali pengine? Maswali hayo ni bora yaulizwe na Katibu mapema kuliko kuulizwa na mkaguzi mwisho wa mwaka.

Ndugu Wanachama, injini ya chama imenunuliwa kwa hisa za watu wengi, wakiwamo wasiopanda mashua kamwe. Kabla ya kujadili nguvu za farasi, Kamati nzima ishuke majini, iukague ubao kwa mkono na kwa kisu. Kisu kikizama katika mti kwa urahisi, fedha za injini zingoje. Fundi wa mashua ndiye wa kuitwa kwanza.