Mkono Mmoja Haulei Mwana, Hata Seoul

Chukua watu 200 wa Korea Kusini, wanaume 100 na wanawake 100. Kwa kiwango cha uzazi cha mwaka 2023, ambacho ni 0.72, wanawake hao wangezaa watoto 72 tu maisha yao yote. Nusu ya watoto hao wakiwa wasichana, nao wakazaa kwa kiwango hichohicho, wajukuu watakuwa 26. Ndivyo watu 200 wanavyogeuka 26 katika vizazi viwili, bila vita wala tauni. Ili idadi ya watu isipungue, kila mwanamke hana budi kuzaa wastani wa watoto 2.1. Korea Kusini, nchi ya watu milioni 51 hivi, ilishuka chini ya hapo katika miaka ya 1980, ikashuka chini ya mtoto mmoja mwaka 2018, na tangu 2020 wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa.

Wapo wanaoitupia serikali lawama zote. Mwaka 1960 mwanamke wa huko alizaa wastani wa watoto sita. Mwaka 1962 utawala wa Park Chung-hee ulianzisha kampeni ya uzazi wa mpango, na mabango yakahimiza wazazi watosheke na wawili, wawe wa kike au wa kiume. Baadaye yakahimiza mmoja. Lakini serikali iliachana na lengo hilo mwaka 1996, na uzazi ukazidi kuporomoka. Tangu 2006 imetumia zaidi ya won trilioni 280 kuwahimiza watu wazae, na mwitikio umekuwa hafifu. Sera inayowasukuma watu wanakotaka kwenda hufika upesi. Inayopingana na maisha yao ya kila siku hugonga mwamba.

Na maisha hayo ya kila siku ndiyo kiini cha tatizo. Nusu ya Wakorea wanabanana Seoul na viunga vyake, ambako nyumba ni ghali mno. Jijini Seoul kwenyewe kiwango cha uzazi mwaka 2023 kilikuwa 0.55. Takriban wanafunzi wanane kati ya kumi husoma tuisheni za kulipia, kwa hiyo kila mtoto ni gharama ya miaka mingi. Saa za kazi ni ndefu, na mwanamke anayeacha kazi ili alee huona vigumu kurudi kwenye cheo chake. Pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake ni karibu asilimia 30, kubwa kuliko katika nchi nyingine zote za OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri. Na kwa kuwa kuzaa nje ya ndoa ni nadra, anayeahirisha ndoa huahirisha na uzazi.

Watasema wengine kwamba chanzo ni elimu ya wanawake. Mbona Ufaransa, ambako wanawake wamesoma na wanafanya kazi, kiwango cha uzazi mwaka 2023 kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha Korea? Wengine watasema nchi iliyojaa watu itapata nafuu wakipungua. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wangepungua taratibu na katika rika zote. Wanaopungua ni vijana, na kwa kasi: mwishoni mwa 2024 mtu mmoja kati ya watano alikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2024 uzazi ulipanda hadi 0.75. Ni habari njema, ila imechangiwa na ndoa zilizokwamishwa na korona, pamoja na wingi wa waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao sasa wako katika umri wa kuzaa. Rika linalowafuata ni dogo zaidi.

Sheria ya Korea inampa baba haki ya likizo ya malezi ya mwaka mmoja au zaidi, lakini wengi wanaoichukua bado ni akina mama. Hapo ndipo pa kupimia mageuzi. Ruzuku humsaidia mama kununua maziwa. Haimrudishi baba nyumbani mapema wala haimlindii mama cheo chake kazini. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mwanamke wa Seoul anaujua ukweli huo, na kwa kutozaa anaidai jamii yake mkono wa pili.