Sudoku ya Hesabu na Swali la Tano

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Usoke, pale treni inapopita kati ya Tabora na Urambo. Mdogo wangu wa kidato cha pili alikuwa ameisusa hesabu. "Kaka, mimi na hesabu basi," aliniambia, na daftari lake lenye kalamu nyekundu hakumwonyesha mtu. Lakini sudoku za gazetini alizijaza mpaka giza linaingia. Nikaamua kuzichanganya.

Sudoku ya kisasa ilichapishwa Marekani mwaka 1979, jina la Kijapani ikalipata baadaye. Yenyewe haina hesabu. Hata herufi zingetosha. Mwaka 2004 mwalimu wa Japani, Tetsuya Miyamoto, alitunga KenKen, ambayo huijazi mpaka ujumlishe, utoe, uzidishe na ugawanye. Yangu ilikuwa nyepesi zaidi: namba 1 hadi 4 zisijirudie kwenye mstari, kwenye safu, wala kwenye robo yenye visanduku vinne. Namba za kuanzia nilizificha ndani ya maswali:

A _ | _ _
_ _ | _ B
-----------
_ _ | C _
_ D | _ _

A = 7 − 2 × 3 (kumbuka MAGAZIJUTO)
B ni x, ikiwa 3x − 4 = x
C = √16
D = 15% ya 20

Ukikokotoa sawasawa, jedwali linajaa kwa njia moja tu. Jaribu kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Raha yake ni kwamba jedwali linakusahihisha. Tuseme B umepata 3. Robo ya juu kushoto itataka 3 yake ikae kwenye kisanduku cha pili cha mstari wa kwanza, na safu hiyo tayari ina 3 ya D. Umekwama. Unarudi mwenyewe kutafuta ulipokosea, bila kalamu nyekundu ya mtu.

Siku ya tatu akaja mbio: "Kaka, nimemaliza!" Nikaangalia, nikamwambia B si sahihi. Alifika 2x = 4, akasahau kugawanya, akaandika 4. Akanijibu kwa uchungu, "Mbona limekubali lote?" Nikakagua mistari, safu na robo. Kweli, lilikuwa limekubali. Akalisukuma daftari pembeni, nikajua nisipojieleza vizuri ndiyo nimempoteza.

Kosa lilikuwa langu. Jedwali la ukubwa huu linahitaji namba za kuanzia nne kwa uchache, nami niliweka nne kamili. Hapo hakuna namba ya ziada ya kuichunguza nyingine, kwa hiyo jibu baya linaweza kuzaa jedwali jingine halali. Dawa ni kuongeza swali ambalo jedwali lingejaa hata bila hilo. Kona ya juu kulia nikaweka (−2)², yaani 4. Sasa ukiandika B ni 4, zinagongana kwenye safu ileile papo hapo.

Nilimwomba radhi, nikampa jedwali jipya. Kesho yake akanirudia anacheka: "Kaka, shahidi wako haoni vizuri. Weka B iwe 1, uone." Nikaweka. Likajaa lote.

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, mkitunga haya msihesabu maswali tu. Jibuni vibaya kwa makusudi, mwone kama jedwali litakataa. Na hilo la B kuwa 1, swali la sita ungeliweka kisanduku gani? Mdogo wangu alilipata kabla yangu.