VITESI ZA MOTOKARI: KWA NINI KAMYO INASHUKA POLEPOLE

Wandugu wanafunzi, wakati wa likizo wengi wetu tunapanda kamyo, tunasikia shoferi anabadilisha vitesi, lakini wachache wanajua ndani ya buati kunapita nini. Tunapenda kufasiria kidogo.

Motere ikizunguka polepole haina nguvu. Ukiilazimisha kuvuta mzigo namna hiyo, inatetemeka, inazimika. Inataka mizunguko mingi, pengine 2000 kwa dakika moja. Lakini gari ikianza tu kutembea, magurudumu hayawezi kuzunguka mbio vile. Basi katikati yao wametia buati yenye pinyo, ni kusema vyuma vya mviringo vyenye meno. Tuchukue pinyo ya meno 12 inayosukuma ingine ya meno 36. Ndogo inazunguka mara 3, kubwa mara 1 tu. Lakini nguvu ya kuzungusha inakuwa karibu mara 3. Unapoteza mbio, unapata nguvu. Ile ndiyo vitesi ya kwanza. Ya ine ni kinyume. Mwenye kinga ya pinyo nyingi anajua jambo hili katika miguu yake.

Pedali ya ambreyaji, ya mguu wa kushoto, inatenga motere na buati kwa kitambo kidogo. Shoferi asipoikanyaga vizuri, mnasikia krrr!

Gari za otomatiki hazina pedali hiyo. Kule Amerika, General Motors ilitia buati ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ndani yake magurudumu mawili yenye mabawa yanaelekeana katika mafuta: moja linatupa mafuta juu ya lingine, nalo linafuata. Vitesi buati inachagua yenyewe. Ni raha, kweli. Lakini batri ikikufa, hata musukume mpaka jioni haitawaka! Ile ya mkono, vijana wane wanasukuma, shoferi anatia vitesi ya pili, inawaka.

Sasa tufike kwenye mlima. Katika kushuka Kabasha, toka Kanyabayonga mpaka uwanda wa Rwindi, shoferi mwingine anatosha vitesi yote kusudi gari ikule mafuta kidogo. Tunasema wazi, ni hatari kubwa. Fre zikifanya kazi peke yao zinapata moto, halafu hazishiki tena. Lakini vitesi ndogo ikiwa ndani, magurudumu ndiyo yanasukuma motere, na motere inakataa, inazuia gari. Tena katika motere nyingi za leo, mguu ukitoka kwenye pedali ya mafuta, gari ikiwa katika vitesi, mafuta yanakatwa kabisa. Faida iko wapi basi? Hata katika otomatiki, shoferi anatoa mkono wa vitesi kwenye D, anauweka kwenye 2 au L.

Na vitesi ndogo inatiwa kule juu, mbele ya kuanza kushuka. Kamyo ikiisha kushika mbio, pinyo hazikubali tena kuingiana.