Sayansi ya lishe si somo la mapishi

MZAZI anayesikia kuwa mwanawe ameitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya lishe huenda akauliza iwapo karo hiyo yote inalipwa ili mtoto akafundishwe kupika. Swali hilo si geni Nakuru na viungani mwake, ambako udaktari, uhandisi na sheria bado ndizo kozi zinazoliletea boma sifa.

Dhana hiyo ni potovu. Katika Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, ambacho kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka wa 1987, kozi ya lishe imejengwa juu ya kemia na baiolojia. Mwanafunzi husoma jinsi mwili unavyokivunja chakula na kukitumia, jinsi vijidudu vinavyokiharibu, na jinsi maradhi yanavyobadilisha mahitaji ya mgonjwa. Ndiposa anayelenga shahada huhitaji wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE, na alama nzuri katika masomo ya sayansi.

Manufaa ya elimu hiyo huonekana wodini. Chukua mfano wa mkulima wa Molo ambaye figo zake zimedhoofika. Chakula chake cha kila siku ni viazi, navyo vina madini mengi ya potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa mwilini na yakizidi huweza kusimamisha moyo. Kumwambia aache viazi ni rahisi, lakini atakula nini? Mtaalamu wa lishe humwelekeza avikatekate, avichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga, kisha humpimia kiasi anachoweza kula kulingana na matokeo ya damu yake.

Kwa watoto, kazi ni nyingine. Njoro, Molo na Bahati ni sehemu za ghala la chakula nchini, ila shamba lenye rutuba si kinga ya utapiamlo. Maziwa na mayai yakiuzwa yote, mtoto akabaki na ugali na viazi, atashiba na bado adumae. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka wa 2014. Kiwango kimeshuka, lakini huyo bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watano.

Kuhusu ajira, hospitali ndizo za kwanza kutajwa, na tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013 mwajiri mkuu wa umma ni serikali za kaunti. Viwanda navyo vina nafasi: tangu mwaka wa 2012 sheria huwataka wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na ngano unaopakiwa, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha viwango. Wengine hufungua kliniki zao za ushauri.

Mashirika ya misaada, yaliyokuwa kimbilio la wahitimu wengi hasa Turkana na Baringo, si ya kutegemewa kama zamani. Kufungwa kwa shirika la USAID la Marekani mwaka wa 2025 kulikatiza miradi mingi ya lishe.

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni leseni. Chini ya sheria ya mwaka wa 2007, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hii bila kusajiliwa na taasisi ya wataalamu wa lishe nchini, KNDI. Si kila chuo kinachotangaza kozi ya lishe kimeidhinishwa nayo, hivyo ni muhimu kuiuliza taasisi hiyo kabla ya kulipa hata karo ya muhula wa kwanza.